Niliandika kuhusu madini ya risasi, nikayasahau barazani kwangu

Mwaka jana baba alinipigia simu kutoka Njombe. “Ile baiskeli nimeipakia kwenye basi. Kaipokee stendi ya Mbezi, umtengenezee mjukuu wangu.”

Niliijua baiskeli hiyo. Ndiyo aliyoendea shuleni kufundisha miaka yote, mimi nikiwa mbele yake kwenye kiti kidogo cha chuma alichochomelea fundi wa kijijini. Ilikuwa nyeusi, ikapakwa nyekundu, kisha njano. Ilipofika Dar es Salaam rangi zote tatu zilikuwa zinabanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake kutu.

Jumamosi iliyofuata nilinunua msasa, nikakaa barazani na kuanza kusugua. Baraka, mwanangu wa miaka mitatu, alikuwa miguuni pangu akichora kwa kidole kwenye vumbi la njano lililotanda sakafuni. Mara akakitia kidole mdomoni.

Hapo ndipo moyo ulinilipuka.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimewahi kuandika kuhusu rangi zenye madini ya risasi. Najua kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Najua mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya risasi anayofyonza mtu mzima akimeza kiasi kilekile, na kwamba madhara yake makubwa huwa kwenye ubongo: kujifunza, utulivu, tabia. Najua pia kwamba rangi za zamani, hasa njano, nyekundu na za machungwa, ndizo za kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa risasi ilitumika kuzipa mng’ao na kuzifanya zikauke haraka na kudumu. Yote hayo niliyaandika, lakini barazani kwangu nilifikiria uzuri wa baiskeli tu.

Nilimnawisha Baraka mikono na uso kwa sabuni, nikambadilisha nguo, nikampeleka kwa jirani. Baraza sikulifagia, maana ufagio hurusha vumbi. Nililipangusa kwa kitambaa kibichi, mara tatu. Usiku sikulala vizuri. Kwa macho huwezi kujua rangi ina nini, na aliyeipaka alikwishafariki.

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa rangi za magari mtaani kwetu. Nilimwomba rangi moja tu: isiyobanduka.

Alicheka. “Dada, hata ukinunua rangi ya ndege, ukiipaka juu ya kutu itabanduka. Kwanza tuitoe kutu yote.”

Alinieleza kwa mpangilio. Chuma kisuguliwe mpaka king’ae, kifutwe mafuta kwa thina, kipakwe praima ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya juu ifuate, tabaka mbili au tatu nyembamba, si moja nene. Tabaka nene huchuruzika na kukauka juu tu, ndani likabaki laini.

Rangi imara kuliko zote aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya magari inayochanganywa na kikaushio. Haitishwi na petroli wala mikwaruzo. Lakini hapa na mimi nilikuwa na la kusema. Vikaushio vingi vya rangi hizo vina kemikali ziitwazo isosianeti, na mvuke wake ukivutwa huweza kusababisha pumu. Hupulizwa sehemu maalumu na mtu aliyevaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kitambaa puani hakitoshi. Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema kifua humbana kila akipuliza. Nilimsihi aende hospitali, na nimekuwa nikimkumbusha.

Rangi ya pili ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imepimwa kutoka kopo kubwa, bei nusu. Haikuwa na jina wala lebo. Niliiacha.

Nilichagua rangi ya mafuta ya chuma, kopo lililofungwa, limeandikwa kiwandani kwamba halina risasi. Kiwango kinachopendekezwa na WHO na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ni risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi. Praima nayo niliikagua vivyo hivyo, kwani rangi salama juu ya praima yenye risasi haimsaidii mtoto anayetafuna usukani.

Safari hii tulisugua gereji, mbali na watoto, kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, chini tumetandika nailoni. Maganda tuliyafunga ndani yake. Nguo zangu nilizivua kabla ya kuingia ndani na kuzifua peke yake.

Rangi ya mafuta hushikika baada ya siku moja, lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Baraka aliuliza kila siku, “Mama, imekauka?” Nilimwambia bado, mpaka mwezi ukaisha.

Daktari wa watoto nilimweleza yote. Hakunikaripia. Alimpima, akaniambia nimfuatilie, nizingatie chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, maana mtoto aliyepungukiwa na hayo hufyonza risasi zaidi: maharage, maziwa, dagaa, mboga za majani.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama kuna kitanda cha chuma cha urithi, geti linalobanduka au baiskeli ya babu, kabla ya kuuliza rangi ipi itadumu, uliza iliyopo ina nini na mtoto yuko wapi unapoisugua.

Baba alikuja mwezi uliopita. Aliizunguka baiskeli, sasa ya kijani, akapitisha kucha kwenye kiti kile kidogo. Haikubanduka. Akampakia Baraka, wakaenda dukani kununua mkate.