Kericho, Ambako Land Cruiser Hazistaafu

Msomaji, ukipanga kuzuru Kericho, fika asubuhi, maana alasiri ni ya mvua. Kila mwandishi aliyepita huku amesema mashamba ya chai ni kama zulia la kijani lililotandikwa vilimani, nami sitakuchosha kwa kulirudia. Safari hii nilikwenda kutazama magari.

Mji wenyewe una historia ya ufundi. Hekalu kubwa la Masingasinga utakaloliona mjini limejengwa mahali ambapo Baba Puran Singh alikuwa na karakana yake, Kericho Wagon Works, kabla hajahamia Uingereza. Mafundi wengi wa leo hawana karakana. Wana mti, jeki na sanduku la spana.

Mti niliofikia mimi uko nje kidogo ya Litein, kando ya barabara iendayo Kapkatet hadi Kaplong, pale unapokata kushoto kuelekea Bomet. Lami ni nzuri. Lakini iache lami hatua mia moja tu, uingie kwa wakulima wadogo, ndipo utakapojua kwamba udongo mwekundu wa huku ukilowa huteleza kama sabuni. Na chai haingoji mtu. Jani lililochumwa asubuhi likishindiliwa guniani na kukawia, hupata joto na kugeuka kahawia, na kituoni karani hulikataa. Jasho la siku nzima humwagwa mtaroni.

Ndiyo sababu huku hukosi kuona Land Cruiser ambazo mjini zingekwisha kuuzwa kwa kilo. Zile za muundo wa 40 zilianza kutengenezwa mwaka 1960 hadi 1984, zikafuatwa na za muundo wa 70. Injini inayosifiwa zaidi ni 1HZ ya mwaka 1990: dizeli, silinda 6, lita 4.2, bila kompyuta ya kumsumbua fundi. Na usidhani mwenye gari kuukuu atakimbilia Japani kuleta jingine la rika lake. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8. Aliye nalo na alitunze.

"Chamgei!" nikawasalimu, Kikipsigis changu chote kikaishia hapo. Chini ya mti ilikuwapo pikapu moja ya muundo wa 70, na mzee mwenyewe amekaa juu ya tairi. Alikuwa na fedha za bonasi ya chai, na mwanawe, mwanafunzi wa chuo Nairobi, alikuwa na mipango juu ya fedha hizo. Kijana alitaka gari liinuliwe, livishwe matairi mapana na injini ifungwe turbo.

Fundi hakumjibu. Alijilaza chini, akafungua nati ya difu ya mbele, na oili ikachuruzika kwenye karai. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Mzee, gari lako limekunywa mto," akasema.

Nikamwomba anieleze, nami nakueleza wewe. Ekseli ikitembea hupata moto. Ukiingia mtoni ghafla, hewa iliyo ndani hupoa na kujikunyata, ikavuta maji kupitia kitundu cha kupumulia na sili zilizochakaa. Maji yakichanganyika na oili, meno ya difu husagika kimyakimya hadi siku moja yanakatika. Dawa yake ni sili mpya, oili mpya, na mpira mwembamba wa kukipandisha kitundu kile hadi juu, karibu na injini. Huo nao ni ubunifu wa kubadili gari, ila hauonekani barabarani, kwa hiyo vijana hawautaki.

Kuhusu turbo, fundi alikuwa mkali. Ni kweli kwamba Kericho, iliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu. Lakini 1HZ haikuundwa kwa ajili ya turbo. Ukiishindilia hewa na dizeli kupita kiasi, pistoni huungua au kupasuka. Matairi mapana nayo huelea juu ya tope, ilhali membamba hulikata na kutafuta udongo mgumu chini. Gari likiinuliwa sana, shafti hukaa upande na kutetema. Wenye tamaa huongeza majani ya springi ili wapakie zaidi, wakasahau kuwa breki hazikuongezwa. Na huku ni nchi ya miteremko. Mnamo Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likaua watu zaidi ya 50.

"Baba, lakini wenzetu wanatupita," kijana akalalamika.

Mzee akatazama karai kitambo. Kisha akasema kwamba mwaka jana, usiku wa mvua, walimbeba mke wa jirani mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitali ya Tenwek, na gari hilo hilo halikusimama njiani. "Je, lingesimama, tungempita nani?"

Nilimwona kijana akiinamisha uso. Sili zikabadilishwa, mpira ukafungwa, breki zikakazwa. Fedha zilizobaki mzee alizifunga kwenye leso, wala hakusema za nini.

Saa tisa mvua ilianguka. Tulipakia magunia ya jirani tukashuka kuelekea kituoni, na kwenye kilima cha kwanza magurudumu ya nyuma yakaanza kusaga tope bure. Gari la aina hii lina vifungo kwenye magurudumu ya mbele ambavyo lazima uvizungushe kwa mkono kabla hayajasaidia. Mzee hakusema neno. Kijana alifungua mlango, akashuka na viatu vyake vya Nairobi, akazungusha upande huu, akazunguka upande wa pili. Alirudi ndani akiwa na matope hadi magotini, na baba yake akaingiza gia.