Ziwa Lipi kwa Likizo ya Kiangazi?

Mwezi wa Mei tulipata ujumbe wa mpwa wetu, fundi wa magari katika mji wa Lubumbashi. Yeye na rafiki zake watatu walikuwa wamechanga akiba yao na kununua pikipiki mbili za maji, zilizokwisha kutumiwa Ulaya, zikashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kufika Katanga juu ya lori. Swali lao lilikuwa moja: «Mjomba, wewe umeyaona maziwa mengi. Likizo ya mwezi wa saba twende ziwa gani?»

Wengine wangejibu upesi: nendeni kwenye ziwa lililo zuri kuliko yote. Sisi hatukuweza kujibu hivyo. Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika mtumbwi wa mvuvi mmoja kwenye ziwa Mweru, boti ya mashine ilitupita mbio, karibu sana. Waliokuwa ndani walitupungia mikono wakicheka. Mawimbi yake yaliupindua mtumbwi wa pili, uliotufuata nyuma, wenye baba na mtoto wake wa miaka tisa hivi. Mtoto tulimdaka kwa shati. Wavu na samaki wa usiku mzima vilipotea. Boti ile haikurudi kutazama. Tangu siku hiyo, mtu akitutajia ziwa kwa ajili ya mchezo, twauliza kwanza: ni nani wanaokula kwa maji hayo?

Pili, yapasa kukijua chombo chenyewe. Pikipiki ya maji, ambayo wengi huiita Jet Ski kwa jina lililoenezwa na kampuni ya Kawasaki ya Japani tangu miaka ya 1970, haina panga linalozunguka nje kama boti. Mashine yake hunyonya maji chini ya tumbo la chombo, ikayasukuma nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, na msukumo huo ndio uipelekao mbele. Mdomo ukigeuzwa, chombo hugeuka. Basi, dereva akiogopa na kuachia mafuta ghafula, maji hayasukumwi tena, usukani hauna kazi, na chombo chaendelea kwenda palepale alipotaka kupakwepa. Tena kikipita penye maji haba hunyonya mchanga, majani na kamba. Kwa hiyo ziwa la kuchagua ni lenye kina cha kutosha, lisilo na majani mengi wala mawimbi makubwa, na lenye nafasi mbali na nyavu za watu.

Tukaketi jioni moja, tukayapima maziwa moja moja.

Kivu ndilo la kwanza kutajwa na kila mtu. Liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni ya baridi, na visiwa vyake, Idjwi kikiwa ndicho kikubwa, hufurahisha macho. Lakini mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikaingia Bukavu. Maji ambayo watu wameyavuka wakikimbia na watoto mgongoni si mahali pa kwenda kujionyesha na mashine. Tena nani asiyekumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, mwisho wa safari yake? Tulilifuta jina la Kivu bila kubishana.

Likafuata Tanganyika, kwa upande wa Moba au Kalemie. Urefu wake wapita kilomita 650, na kina chake chafika mita 1,470. Ulimwenguni ni ziwa Baikal tu, la Urusi, lenye kina kuzidi hapo. Uzuri wake hauna haja ya kusifiwa. Lakini kiangazi, yaani likizo yenyewe, ndiyo majira ya upepo wa kusini-mashariki. Upepo huo hupuliza toka Mei hata Septemba, hasa katika nusu ya kusini ya ziwa, ukainua mawimbi ya kutisha hata merikebu. Usiku ni zamu ya wavuvi wa ndakala na taa zao. Ziwa hili lataka dereva mzoefu. Kati ya vijana wale wanne hapakuwa na mzoefu hata mmoja.

Mweru si refu la kina kama Tanganyika, na watu wa pande zote mbili, Kongo na Zambia, huvua humo mchana na usiku. Lina mamba pia, na sisi tulikuwa na habari yetu ya zamani. Tukaliacha.

Karibu zaidi ni Tshangalele, kando ya Likasi, ziwa lililotokea mto Lufira ulipozibwa kwa bwawa la Mwadingusha, mwaka 1930. Lakini maji yake ni haba, yenye matete mengi. Ndege wanalipenda kwa sababu hiyohiyo inayoifanya mashine ikatae.

Likabaki Nzilo, kaskazini ya Kolwezi, ambapo Lualaba ilizibwa katika miaka ya 1950 ili kuipatia migodi umeme. Hatusemi kwamba ni zuri kuliko mengine. Twasema kwamba barabara yafika, hospitali za Kolwezi haziko mbali, na ghuba zake hukinga upepo. Mpwa wetu alinyamaza kidogo, maana moyo wake ulikuwa Kalemie. Kisha akasema: «Sawa, Mjomba, lakini uje nasi.»

Tulitoka Lubumbashi kabla ya mapambazuko, katikati ya malori ya shaba na kobalti. Huko Fungurume tulisimama kununua mkate, tukawaambia kwamba wao si wa kwanza kuvuta vyombo vyepesi vya maji katika nchi hii. Mwaka 1915 Waingereza walileta hapo kwa treni boti mbili za mashine, Mimi na Toutou. Kutoka Fungurume zilivutwa kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe kupitia milima ya Mitumba, zikashushwa katika Lualaba, zikafika Tanganyika kupigana na Wajerumani. Tarehe 26 Desemba mwaka huo zikaiteka Kingani. Vijana wakacheka, wakaanza kuziita pikipiki zao kwa majina hayo.

Asubuhi ya kwanza huko Nzilo baridi ilikuwa kali, na ukungu ulilala juu ya maji pamoja na moshi wa majani yaliyochomwa porini. Vijana walitaka kuingia majini mara moja. Tuliwazuia. Tulikwenda kwanza kwenye vibanda vya wavuvi, tukamwamkia mzee wao, tukaketi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje na kutuonyesha kwa mkono: pale zimetegwa nyavu, pale visiki vya msitu uliozamishwa viko chini kidogo tu ya maji, pale penye matete sisi wenyewe hatuendi. «Chezeni katika ghuba hii,» akasema, «tangu saa nne, watu wakiisha kurudi, hata saa tisa. Mkiona mtumbwi, punguzeni mbio mngali mbali.» Habari hiyo haikuandikwa katika ramani yoyote.

Ndipo, tukigawa jaketi za kuelea, tulipojua kwamba mmoja wa wale wanne hakujua kuogelea. Aliona haya kusema mbele ya wenzake. Tulimfunga jaketi sisi wenyewe, na kamba ya kuzimia mashine tukaifunga katika kiganja chake, ili akianguka mashine ife papo hapo. Filimbi tukamtia shingoni.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yake. Alipokuwa katikati ya ghuba, mashine ilinyonya kipande cha kamba kilichokuwa kikielea, ikazimika. Upepo ukaanza kumsukuma nje, kuelekea maji mapana. Pikipiki ya pili ilikuwa ufukoni bila mafuta. Kijana alipiga filimbi, akapiga tena. Sisi tulisimama mchangani tukimwona akizidi kuwa mdogo, wala hatukuwa na la kufanya ila kupiga kelele.

Aliyefika kwake kwanza ni mwana wa yule mzee, kwa mtumbwi na kasia. Hakuuliza neno. Alifunga kamba, akavuta kwa nusu saa, akatua mbele yetu ametota jasho katika baridi ile. Tulipotaka kumlipa alisema: «Ninyi mlibisha hodi kwetu.» Akapokea petroli ya pikipiki yake ya barabarani, basi.

Jioni ile mpwa wetu hakutaja Kalemie. Alikuwa akiulizana na mwenzake ni wapi hapo Kolwezi mtu aweza kujifunza kuogelea.

Ndugu msomaji, ukitaka kuchagua ziwa la likizo, tazama kina, tazama upepo wa majira, uliza barabara na hospitali. Lakini shauri la mwisho usilichukue kwa picha. Nenda ufukoni, bisha hodi kwa wale wanaokula kwa maji hayo, nawe uwasikilize. Kama hawataki mashine yako, hilo si ziwa lako. Kama wakikukaribisha, utakuwa umepata macho yatakayokutazama ukiwa katikati ya maji.