Kigombe: Mzee, Mashine na Hela ya Mjerumani

Mzazi akistaafu, wengi wetu tunawaza mambo mawili tu: kuku wa mayai au bajaji ya kuleta hesabu. Hakuna anayeuliza kama mzee mwenyewe anawataka hao kuku. Baba mkwe wangu, miaka 64, hakuwataka. Miezi minane alikaa kibarazani Tanga mjini akigombana na redio, mpaka mama akaanza kutupigia simu usiku: "Wanangu, mtafutieni mwenzenu kazi ya kufanya, mimi nimechoka." Si utani. Ndoa ya miaka 38 ilikuwa inayumba kwa sababu ya mtu kukosa pa kwenda asubuhi.

Wifi yangu aliyeko Uingereza ndiye aliyetuma ile mashine ya kutambua metali, kama wanayotembea nayo wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya. Uingereza watu wazima wanaifanya burudani ya wikiendi. Mwaka 2009 Terry Herbert alikuta hazina ya dhahabu ya kale shambani Staffordshire, ikalipiwa zaidi ya pauni milioni 3, akagawana na mwenye shamba. Kwetu hesabu ni tofauti, nitakuambia.

Tulimpeleka Kigombe, kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Minazi, mashamba ya mkonge, ngalawa, na bahari ambayo ikipwa inaenda mbali mpaka unajiuliza kama itarudi. Kinamama wanatoka na ndoo kutafuta pweza. Tulipiga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukauliza na watu wa hifadhi, maana bahari hii imo ndani ya Hifadhi ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa huku kuanza kunasa samaki huyo wa ajabu mwaka 2004. Tukaruhusiwa kupita mchangani tu, matumbawe tusiguse.

Sasa kazi yenyewe. Sahani ya chini inatoa nguvu ya sumaku. Ikipita juu ya metali, mashine inalia. Usiinue sahani kama unafagia uwanja, iteleze karibu na mchanga, polepole. Sarafu utaipata kama sentimita 20 chini, zaidi ya hapo ni bahati. Mchanga uliolowa maji ya chumvi huzichanganya mashine za bei rahisi, zikalia ovyo kama mtoto mwenye usingizi. Anzia mchanga mkavu. Na kila shimo ulifukie.

Siku ya kwanza mzee alipata vizibo vya soda, misumari na chubwi za nyavu. Alifurahi! Siku ya pili, karibu na mikoko, akachimbua kipande cha shaba chenye taji na maandishi ya Deutsch Ostafrika. Heller moja. Wajerumani walianza kuzitoa mwaka 1904, 100 zikifanya rupia moja, na ndiyo hiyo hiyo "hela" tunayoililia kila mwisho wa mwezi.

Habari ikaenea. Kijana mmoja mchangamfu akamvuta mume wangu pembeni: twendeni Tongoni jioni, kule ndiko kwenye mali. Mume wangu macho yakamtoka, nilimwona. Tongoni kuna msikiti wa kale na makaburi ya Washirazi, na kwenye mafungu ya baharini karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael mwaka 1499. Nani asingetamani?

Mzee alikataa katakata. "Mwanangu, yale ni makaburi ya watu." Na sheria iko upande wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuvichimba bila kibali ni kosa. Hata bila sheria, kitu cha kale kikishang'olewa mahali pake, mtaalamu hawezi tena kujua kililala na nini. Ukikutana na kitu kama hicho, kiache, piga picha, kamwambie afisa wa Mambo ya Kale. Ukiona risasi au bomu, usiguse kabisa. Tanga kulipiganwa vita mwaka 1914.

Kwa wanaotaka kuwaanzishia wazazi: angalieni siku za bamvua, maji yanapwa mbali zaidi. Kofia, maji ya kunywa, kijiko cha bustani, na mtu wa kufuatana naye. Safari hizi mama ndiye anayebeba chekeche. Anasema sikio lake ni kali kuliko la mumewe, na wanabishana hilo njia nzima, kwa kicheko. Ile hela ameiweka kwenye kopo la sukari, na ameshatutangazia kwamba haiuzwi.