Herufi Ndogo za Sehemu ya Mbinu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi Muhimbili, majarida ya tiba yalitufikia yakiwa yamechelewa. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na toleo jipya la maktaba lilikuwa limeshapitwa huko lilikochapishwa. Tuliyasoma kwa pupa hivyo hivyo. Katika baadhi yake sehemu ya mbinu ilipigwa chapa kwa herufi ndogo, na wasomaji wengi waliiruka. Walikwenda moja kwa moja kwenye mjadala, kwa kuwa huko ndiko bingwa alikotoa hukumu yake.

Ndivyo makala za tiba zilivyokuwa tangu zamani. Daktari aliandika alichokiona wodini, msomaji akamwamini kwa jina lake. Mfano bora wa uandishi huo umetoka nchi jirani, katika hospitali ya Mulago, Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alieleza katika British Journal of Surgery habari za watoto 38 wenye saratani ya mataya. Mwalimu wetu mmoja alitupa makala hiyo tuone jinsi mtu makini anavyoweza kuunganisha wagonjwa ambao wenzake waliwaona mmoja mmoja. Naiheshimu hadi leo. Lakini wasio na jicho la Burkitt nao waliandika kwa mtindo huohuo, kwa uhakika uleule, na msomaji hakuwa na njia ya kuwatenga.

Mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala sisi tuliukuta. Ulianza kuonekana katika majarida makubwa ya Uingereza na Marekani kwenye miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 ndio uliotawala. Mwalimu yule aliueleza kwa maswali manne ya Austin Bradford Hill, mwanatakwimu wa jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu lililochapishwa mwaka 1948: kwa nini ulianza, ulifanya nini, ulipata nini, na hayo yana maana gani. Kisha akatupindulia utaratibu. Makala haiandikwi kwa mfuatano inavyosomwa, alituambia. Mbinu ziandikwe kwanza, utafiti ukiwa bado unaendelea, wakati mtu angali anakumbuka nani alipima shinikizo la damu na kwa kipimo gani. Yafuate majedwali, ndipo maelezo ya matokeo. Mjadala uje baadaye, na utangulizi nyuma yake. Muhtasari na kichwa cha makala viwe vya mwisho kabisa. Nimewafundisha wengine hivyo maisha yangu yote ya kazi, na sijaona utaratibu ulio bora kuliko huo.

Tulichapa kwa taipureta na karatasi ya kaboni. Tarakimu moja ikikosewa kwenye jedwali, ukurasa mzima ulirudiwa.

Kilichonithibitishia kwamba uzito wa makala umo kwenye mbinu ni habari za watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilitoa matokeo ya Mwanza. Jamii 12 zilipangwa jozi jozi, na katika kila jozi moja iliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 palipoboreshwa huduma, na 1.9 kwingineko. Kwa wakati ule, dawa za kufubaza virusi zikiwa mbali nasi, hiyo ilikuwa habari kubwa mno. Mwaka 1999 ikaja makala ya Rakai, Uganda. Huko watu walifuatwa majumbani na kupewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10, wenye dalili na wasio nazo, na maambukizi ya VVU hayakupungua.

Aliyesoma muhtasari tu aliona utafiti mmoja umeuangusha mwingine. Mimi nilizilaza makala zote mbili mezani, nikaanza na mbinu, na tofauti zikajitokeza. Mwanza ilimtibu mtu pale alipougua, siku yoyote. Rakai ilipita kwa awamu, na aliyeugua katikati alingoja. Mwanza watu wazima wenye VVU walikuwa kama asilimia 4. Rakai walikaribia 16. Ugonjwa ukishaenea kiasi hicho, watu wengi huambukizwa VVU bila ya kuwapo ugonjwa wa zinaa unaotibika. Mwaka 2000 watafiti wa pande zote mbili waliandika pamoja wakizichambua tofauti hizo. Hilo liliwezekana kwa kuwa kila upande ulikuwa umeandika wazi ulichokifanya.

Masharti nayo yakazidi kukaza. Mwongozo wa CONSORT wa mwaka 1996 uliwataka watafiti waonyeshe washiriki wangapi waliingia kwenye jaribio na wangapi walipotea njiani. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa yakadai jaribio lisajiliwe kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, ili lengo lisije likabadilishwa baada ya matokeo kuonekana. Yaliyobadilika polepole zaidi ni majina ya waandishi. Nimesoma makala nyingi zilizotokana na damu ya wagonjwa wetu, majina ya kwetu yakiwa katikati ya orodha au hayapo kabisa. Siku hizi naona vijana wetu wakitangulia, na furaha yangu haifichiki.

Rasimu sasa hunijia kwa barua pepe, na sehemu ya mbinu mara nyingi ni aya iliyohamishwa kutoka makala nyingine. Aya ya namna hiyo haisemi yaliyotokea katika utafiti wenyewe, ndiyo maana huwa nauliza kama kuna majalada ya wagonjwa yaliyokosekana. Daktari mmoja kijana wa mkoa wa pwani alikuwa ameandika juu ya malaria ya watoto waliolazwa. Nilipomwuliza, akaniambia chumba cha kumbukumbu kilivuja na majalada ya Aprili hadi Juni yakaharibika. Hakuyataja akihofia wahakiki wataikataa kazi yake. Nilimsihi aandike. Miezi hiyo ni ya masika na baada yake kidogo, malaria inapopanda, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa chini ya hali halisi, na msomaji alistahili kulijua hilo. Mhakiki mmoja aliishikilia sentensi hiyo, akataka idadi ya wagonjwa kwa kila mwezi. Yule kijana akarudi kwenye daftari la wodi la kulazia wagonjwa, ambalo halikuguswa na maji, akalitoa humo jedwali jipya. Makala ilipochapishwa, jedwali hilo ndilo wenzake wa wilaya ya jirani waliloliomba, wapate kupanga dawa za masika yaliyofuata.