Kijakazi wa Roma eti alikuwa na nafuu

Nimepotea kidogo, si mnajua tena msimu wa semina hapa chuo. Safari hii nimepangiwa watumwa wa Roma ya kale, nami nikachagua wanawake, maana kila kitabu unachofungua ni Spartacus na wapiganaji wenzake tu.

Rafiki yangu mmoja hapa hosteli kaniambia, "Dada, kijakazi wa nyumbani si alikuwa na nafuu? Kazi yake kumsuka bibi nywele!" Nafuu! Kweli, wasusi walikuwepo. Kaburi la watumishi wa Livia, mke wa Kaisari Augusto, lilipochimbuliwa mwaka 1726 kando ya barabara ya Via Appia, maandishi yake yalitaja kazi za watu: msusi, mshonaji, mkunga, mtunza nguo. Yaani nyumba moja, kazi zimegawanywa kama wizara. Ila mshairi Ovid aliona ni lazima awaase mabibi wasimkwaruze msusi usoni wala kumchoma mkono kwa pini ya nywele. Mtu hakanyi jambo lisilotendeka, au sio?

Lakini kilichonikaba koo ni habari ya watoto. Sheria ya Warumi ilisema mtoto wa kijakazi hufuata hali ya mama. Hata baba akiwa ndiye bwana mwenye nyumba, mtoto anazaliwa mtumwa, mali ya baba yake mwenyewe. (Kwetu pwani utumwa ulikuwepo na uchungu wake, ila kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru. Ndio maana Sayyida Salme wa Zanzibar, ambaye mama yake alikuwa suria, alikuwa binti wa Sultani kamili.)

Sasa sikilizeni hii. Columella, aliyeandika kuhusu kilimo katika karne ya kwanza, anasema mwanamke aliyemzalia watoto watatu alimpumzisha kazi, na aliyezidisha hapo alimpa uhuru. Kwake ni ukarimu huo. Nimekaa nimelipiga hesabu hili jambo hadi usiku. Uzae wanne, kwa uzazi wa enzi zile, ndipo uambiwe nenda. Uende wapi? Wale wanne ulizaa ukiwa mtumwa, kwa hiyo ni watumwa, wanabaki kwa bwana. Uhuru wako umelipwa kwa watoto wako. Mimi hapo ndipo ninapokataa neno nafuu, hata mtu aniletee nini.

Na humo ndani usalama hakuna. Mwaka 61 Pedanius Secundus, mkuu wa mji wa Roma, aliuawa na mtumwa wake mmoja. Wakauawa watumwa wote wa nyumba ile, kama 400, wanawake na watoto wakiwemo. Raia wa kawaida waliandamana kupinga, Nero akapanga askari barabarani, hukumu ikapita.

Tuache maiti. Kuna kigae cha paa kilichopatikana Pietrabbondante, milimani kusini mwa Italia, cha miaka kama mia hivi kabla ya Kristo. Vijakazi wawili, Detfri na Amica, walikikanyaga kikiwa bado udongo mbichi, nyayo za viatu zikabaki, kisha wakaandika pembeni. Detfri kwa Kioska, lugha ya wenyeji wa kule, Amica kwa Kilatini. Kila mmoja kataja na bwana wake. Amica anasema alitia alama "tulipokuwa" tunaweka vigae. Hajasema "nilipokuwa". Wanawake wawili wa kazi ya kiwandani, hakuna bibi wala pini, lugha mbili tofauti, na walijua kuandika! Nimeitazama picha yake mara sijui ngapi, najaribu kupima miguu yao kwa macho. Midogo kweli.

Haya, ngoja niishie hapa, maji yametoka na foleni ya ndoo imeshafika kwenye ngazi.