Mteja ni Mfalme, Lakini Bastola Je?

Wenzangu wa kalamu, najua baadhi yenu mtacheka mkiona kijana wa Temeke anahangaika na mambo ya maduka ya bunduki ya Marekani. Mimi bastola sina, sijawahi kuishika, na kwa hali ya mfuko wangu hata manati ni anasa. Huku kwetu anayetaka silaha lazima achunguzwe na apewe leseni kwanza, na sheria yetu ya mwaka 2015 haina mchezo. Kwa hiyo bunduki kwangu ni ile ya mlinzi wa benki, ambayo hupita pembeni yake nikiwa nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

Ila nina dada. Ni mtoto wa mama mkubwa, tumekula sinia moja tangu utotoni. Alipata viza ya bahati nasibu, akaondoka. Alianza kwa kutandika vitanda hotelini, akafungasha nyama kiwandani, na sasa ni mwaka wa pili anasimama kaunta katika duka la bunduki nje kidogo ya mji wa Houston, jimbo la Texas. Anauza risasi, mafuta ya kusafishia mitutu, mikanda na ala za bastola. Mshahara wake ndio unaomlipia ada mdogo wetu wa mwisho. Kwa hiyo mnaposikia habari ya duka hilo, mjue kwamba kwetu si hadithi ya mbali. Kule wakifunga jioni, huku ni saa nane za usiku, na mama mkubwa huwa hajalala mpaka asikie simu imeita.

Siku moja dada akanipigia. Tajiri wake alikuwa amewaita wafanyakazi wote wanne na kuwauliza: je, tubandike mlangoni tangazo la kuwaomba wateja wasiingie na silaha zenye risasi? Wawili wakasema ndiyo, wawili wakasema hapana. Dada alikuwa upande wa hapana. "Sasa mdogo wangu," akaniambia, "wewe si ndo unajifanya mwandishi? Hebu nipe mawazo."

Msomaji mpenzi, mimi niliishia kidato cha nne. Ninaandika riwaya mwaka wa tatu huu, nimeshajaza kaunta buku tatu, na hakuna mchapaji aliyewahi kuniuliza mawazo yangu kuhusu kitu chochote. Leo naulizwa na mtu ambaye jibu langu linaweza kumgusa mwili wake. Nikaomba muda wa kufikiri.

Kwanza nililipeleka kijiweni. Washikaji wakaangua kicheko. "Duka la bunduki linakataa bunduki? Ni kama muuza gongo anayekataa walevi!" Kwa kweli linachekesha. Lakini kule Texas, tangu tarehe 1 Januari 2016, mwenye leseni anaweza kutembea na bastola yake kiunoni hadharani, na tangu tarehe 1 Septemba 2021 watu wazima wengi wa miaka 21 na kuendelea hawahitaji hata hiyo leseni. Mtu anaingia kununua mkate, bastola inaning'inia. Anaingia duka la bunduki vilevile.

Wapo wanaosema kumwomba mtu wa namna hiyo atoe risasi ni kumvunjia haki ya katiba. Wanataja kipengele kilichoongezwa mwaka 1791 kuhusu haki ya raia kuwa na silaha. Mimi si mwanasheria, ila jambo moja liko wazi: kipengele kile kinaibana serikali. Hakimbani mwenye duka. Sheria ya Texas yenyewe inamruhusu mwenye mahali kukataa silaha, na imeeleza mpaka sura ya tangazo: liandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja, rangi zionekane. Babu yetu alikuwa akisema mgeni huacha mkuki nje ya nyumba. Hakumaanisha kwamba mgeni ni adui. Alimaanisha kwamba nyumba ina mwenyewe.

Basi nikampigia dada na huo mkuki wa babu. Hakupendezwa. "Babu alikuwa anawajua wageni wake kwa majina," akasema. "Mimi anaingia mtu simjui, ana futi sita na bastola. Tangazo litakaa mlangoni, sawa. Asipolisoma, nani atamwambia? Ni mimi."

Akanikumbusha kilichotokea tarehe 20 Februari 2021 huko Metairie, jirani na New Orleans, jimbo la Louisiana. Katika duka la bunduki lenye uwanja wa kulenga shabaha, mteja mmoja aliingia na bastola yenye risasi. Kwa maelezo ya sherifu wa eneo lile, aliambiwa aiondoe risasi, yakazuka mabishano, naye akafyatua. Aliua watu wawili. Watu wengine waliokuwa na silaha, wakiwamo wafanyakazi wa duka, wakamjibu kwa risasi hadi naye akafa. Wengine wawili walijeruhiwa.

Hebu litazame tukio hilo vizuri, maana kila upande unalivuta kwake. Anayetaka tangazo anasema: mnaona, yule aliingia na risasi. Asiyetaka anasema: mnaona, kilichomsimamisha ni risasi za wengine. Dada yangu alisema kitu cha tatu, ambacho mimi sikukisikia kwa wanasiasa: ugomvi ulianzia kwenye kuambiwa. Ile sentensi moja ya "tafadhali toa risasi" ilitoka kinywani mwa mtu fulani aliyekuwa kazini.

Tajiri mmoja mkubwa aliwahi kuliona hilo. Septemba 2013 Howard Schultz, mkuu wa migahawa ya kahawa ya Starbucks, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasije na bunduki. Aliomba tu, hakupiga marufuku, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba marufuku ingewalazimu wafanyakazi kukabiliana na watu wenye silaha. Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Walmart, ambao wenyewe wanauza bunduki. Tarehe 3 Agosti 2019 mtu aliingia katika duka lao la El Paso, Texas, akapiga risasi watu. Waliokufa kwa jumla ni 23. Mwezi uliofuata kampuni ikawaomba wateja wasibebe silaha waziwazi katika maduka yake, hata pale sheria inaporuhusu. Nao pia waliomba. Muuza bunduki akimwambia mnunuzi wa bunduki, kwa adabu, afadhali hiyo usinioneshe.

Tena msidhani wapenda bunduki wenyewe hawajui faida ya mlango usio na silaha. Tarehe 27 Mei 2022, hukohuko Houston anakoishi dada, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilikuwa na mkutano wake wa mwaka. Donald Trump alipokwenda kuhutubia, ukumbi ule haukuruhusiwa kuingia silaha, kwa amri ya walinzi wa viongozi. Watu walitii, wakakaa, wakapiga makofi.

Baada ya hapo nilidhani nina hoja za kutosha. Lakini dada, ambaye shule aliniacha mbali, akaniuliza swali dogo la fundi: "Hiyo risasi ataitolea wapi?"

Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza bastola inavyofanya kazi, jambo ambalo riwaya yangu pia ilikuwa ikilidai. Risasi za bastola za siku hizi hukaa kwenye kikasha kinachochomekwa ndani ya mpini, wenyewe wanakiita magazini. Mtu akichomoa magazini, anaona mikono yake imeshika risasi zote, anaridhika. Kumbe moja imebaki juu, ndani ya chemba, imetulia ikingoja kidole. Ndiyo maana Jeff Cooper, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyewafundisha wengi kutumia bastola, aliweka kanuni yake ya kwanza kwamba kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, siku zote. Na bastola iliyokaa kwenye ala yake, kifyatulio kimefunikwa, haiguswi na mtu, haijifyatui yenyewe kwa hasira. Hatari huanza mkono unapoingia.

Sasa fikiria tangazo linalosema "Toa risasi kabla ya kuingia". Wateja hamsini watasimama kwenye maegesho, kila mmoja anachomoa bastola, mtutu unaelekea anakojua yeye, mama anapita na mtoto. Si jambo la kubuni. Tarehe 19 Januari 2013, siku ambayo wapenzi wa bunduki waliitangaza kuwa ya kuzisherehekea, watu watano walijeruhiwa katika maonyesho matatu ya bunduki, kwenye majimbo matatu tofauti. Huko Raleigh, North Carolina, watu watatu waliumizwa mlangoni, pale ambapo silaha hukaguliwa: mtu alikuwa anafungua mfuko wa bunduki yake ili ikaguliwe, ikafyatuka. Huko Indianapolis mtu alijipiga mkononi akiwa nje, akiijaza risasi bastola yake baada ya kutoka. Maonyesho yale yalikuwa na masharti ya kutoingia na risasi. Sharti lilikuwa sahihi, ila mahali pa kulitekeleza palikuwa pabaya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jibu langu kwa dada lilikuwa refu kuliko "ndiyo" na "hapana" za wale wanne. Nilimwambia hivi.

Duka liombe. Liombe kwa sababu wanaoleta bastola zao kaunta wana shida za kawaida kabisa: huyu anataka kujaribu ala mpya, yule anataka kuuza, mwingine ana shabaha iliyolegea. Wote watalazimika kuitoa, na dada yangu yuko mbele yao, upande wa pili wa meza. Bango halimzuii jambazi, hilo nakubali. Bango ni la mtu mwema aliyesahau kuwa kuna moja imebaki chemba. Watu wema waliosahau ni wengi kuliko majambazi.

Lakini lisimwambie mteja aichomoe nje. Bastola iliyo ndani ya ala ibaki hukohuko, isiguswe. Inayohitaji kutolewa, mwenyewe amwambie mhudumu kwanza, wasogee mahali pamoja palipotengwa, penye pipa la mchanga, mtutu uelekezwe mchangani, magazini itoke, chemba ifunguliwe, macho mawili yaangalie na mengine mawili yahakikishe. Pipa la mchanga si gharama. Hata kambi za majeshi hutumia.

Na la mwisho, ambalo nililisema kwa sauti ya mdogo mtu anayemuogopa dada yake: mteja akikataa, asiwe dada wa kubishana naye. Huduma isimame, aitwe mwenye duka. Yeye ndiye mwenye faida, na neno "hapana" liwe lake. Kama tajiri hayuko tayari kulisema hilo neno mwenyewe, basi asimbandikie mfanyakazi tangazo la kumfia.

Dada alinyamaza kidogo. "Wateja watakimbilia duka jingine," akasema. Inawezekana. Mteja ni mfalme, tumeambiwa, na wafalme hawapendi kuelekezwa. Lakini tuna msemo wetu mwingine wa zamani, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ambaye mwenyeji haponi kwa kuja kwake, hata akinunua risasi za dola mia, hasara yake haihesabiki kwenye mashine ya fedha.

Kisha akaniomba niandike maneno yenyewe, kwa Kiswahili, maana Houston kuna Wakongo na watu wa kwetu wengi, na wengine wanaingia dukani mle. Wenzangu mnaoandika, mnajua tabu ya sentensi fupi. "Marufuku" nililiandika nikalikata, kwa kuwa linamtaka mtu wa kulisimamia. "Tafadhali" peke yake ni laini mno. "Toa risasi" ni amri ya kumfanya mtu aguse kifyatulio. Nilikaa na kibatari usiku mzima, umeme ulikuwa umekatika, kwa ajili ya maneno ambayo katika riwaya yangu yasingejaza hata mistari miwili. Nikamtumia haya:

Karibu. Silaha yako iache ndani ya ala. Ukitaka kuitoa, tuambie kwanza, tutaitoa risasi pamoja.

Neno nililolipigania ni hilo la mwisho. Ninawaachia nanyi, mnaojua kupima maneno: kama aliyesimama nyuma ya kaunta ile angekuwa dada yenu, mngeongeza nini, na mngepunguza lipi? Kalamu ni zenu.