MERERANI: NCHI YENYE VITO NA KIU

Ndugu msomaji wa Kinole, wewe unaishi penye maji. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima ya Uluguru, na mvua hunyesha. Ndiyo maana shambani kwako kuna ndizi, mananasi na viungo. Leo twende mbali, mpaka Mererani. Vijana wengi wa vijijini hutamani kwenda huko kuchimba vito. Basi ni vema tukujue.

Mererani iko wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Ni nchi kame. Mvua ni haba. Utaona miiba, vumbi, na ng'ombe wa Wamasai wakitafuta malisho. Siku isiyo na mawingu utauona mlima Kilimanjaro.

Zamani watu wa hapo walikuwa wachache. Wamasai walihama na mifugo yao kufuata maji na majani. Mwaka 1967 iligunduliwa tanzanaiti, kito cha rangi ya buluu. Duniani kote kito hiki huchimbwa hapo tu. Ndipo watu walipofurika: Wachaga, Waarusha, Wapare, na wengine wa mikoa ya mbali. Malisho yakawa mji.

Lakini mji huo uliletwa na jiwe, haukuletwa na maji. Watu wameongezeka, mvua ni ile ile. Visima vingi vya ukanda huo vina floridi nyingi. Floridi ikizidi huharibu meno na mifupa. Mashimoni, vumbi la mwamba huumiza mapafu. Tena mvua ikija kwa ghafla ni hatari. Mwezi Machi 2008 maji yaliingia mashimoni, na makumi ya wachimbaji walikufa.

Je, hakuna faida? Ipo. Mwaka 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji na mfugaji wa Simanjiro, aliiuzia Serikali mawe mawili kwa shilingi bilioni 7.7. Lakini wachimbaji ni maelfu, na wengi hutoka mikono mitupu.

Ndugu msomaji, jiwe likichimbwa halioti tena. Mgomba ukikatwa huchipua. Hata Uluguru, ulanga ulichimbwa wakati wa ukoloni. Leo watu wa milimani wanalishwa na udongo na maji. Anayekwenda Mererani na aende akijua. Anayebaki Kinole asikate miti iliyo kwenye chemchemi. Watu wa Mererani wangefurahi kuwa na chemchemi hiyo.